Kufuli Kwenye Lango la Juu

Crag End, Yorkshire
3 Machi 1987

Kwako Hesba,

Salamu. Mimi mzima, miaka themanini na moja na bado nabeba kondoo kila kwapa. Goti lako vipi?

Nimetia kufuli lango la malisho ya juu. Nayauza kwa tajiri mmoja wa Leeds, naye hataki mtu akatize humo. Ukitaka kwenda kaburini kwa mumeo Wilf, zunguka kwa barabara. Maili nne tu. Kutembea ni afya.

Kaka yako,
Seth

9 Machi 1987

Kaka Seth,

Goti limevimba, asante kwa kuuliza baada ya miaka sita. Maili nne siziwezi, nawe unajua.

Nimekwenda ofisi ya kaunti kuidai njia ile. Wamenipa fomu: ulipita kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli? Tangu mwaka gani? Nani alikuona? Nikawaambia labda kaka yangu, ila siku hizi haoni hata bakuli lake la uji. Tulia, kipofu hawamsumbui.

Mdogo wako,
Hesba

14 Machi 1987

Hesba,

Afya yangu haikuhusu. Kipofu nani? Jicho hili linahesabu kondoo ng'ambo ya bonde! Nimekuona kila Jumapili tangu tumzike Wilf, mwaka 1964, saa nne na nusu, kitambaa chekundu kichwani, maua umeyafunga kwenye gazeti. Hukuwahi kubisha hodi uombe ruhusa, na mimi sikuwahi kukupa. Wala sikukuzuia hata siku moja, maana mimi ni mtu mkubwa. Mwaka ule wa barafu ulianguka mtaroni ukatukana, nikasikia mpaka dirishani.

Mwendo wako naujua, kama bata, mguu wa kushoto unaangalia nje. Nani alikufundisha kutembea kama si mimi, uani hapa, mama akikamua? Na ulipoanza kutembea na Wilf, nani alijua kabla ya baba? Waambie hao wa kaunti, Seth Oldroyd haoni!

Kaka yako,
Seth

2 Juni 1987

Kaka Seth,

Natumai u mzima, utahitaji nguvu.

Niliwaambia, kama ulivyotaka. Niliwapa barua yako. Mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino, lakini wameusoma wote. Sheria inasema njia ikipitwa miaka ishirini, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, haifungwi tena. Shahidi sikuwa naye, kaka. Ulikuwepo wewe tu kwenye dirisha hilo, na nilijua ukiitwa kipofu hutanyamaza.

Tajiri wako mwambie wapitaji watakuwepo.

Mdogo wako,
Hesba

Jumapili, 28 Juni 1987

Hesba,

Kufuli nimelikata mwenyewe kwa msumeno. Sitaki mtu wa kaunti aguse lango langu. Tajiri kaenda zake. Umenifanyia uhuni, na sikusamehe, andika hilo nalo uwapelekee.

Lakini Jumapili nne sasa hukupita. Leo nimekaa dirishani mpaka saa saba, chai imepoa, nimemfokea mbwa bure. Umenipokonya njia halafu huitembei? Ni goti, au ni kiburi? Lango nimelitia mafuta, linafunguka kwa kidole kimoja.

Usinijibu kwa barua, barua zako nimezichoka. Pita tu, nikuone.

Kaka yako,
Seth