Niliachwa na Mume, Mama Yake Akabaki

Mshauri mpendwa, shikamoo kama wanizidi umri, na kama hunizidi basi habari za kazi, naomba unisaidie maana kichwa kimejaa na kila mtu ambaye ningemuuliza yumo ndani ya kesi yenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye karakana moja, na miaka kadhaa iliyopita mume wangu aliniacha akaoa mwanamke mwingine, hilo nimeshalilia likaisha wala silo lililonishikisha kalamu, ila siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alimwambia mama yake, ambaye tulikuwa tukiishi naye, "Mama, jiandae twende," na mama mkwe wangu, aliyekuwa akikunja nguo nilizoanua, akamjibu bila kuinua kichwa, "Wewe nenda, baba. Mimi sijagombana na mtu hapa." Nikadhani ni hasira za siku mbili tatu, kumbe ndiyo imetoka, mpaka leo naishi naye, nikichelewa kazini ananipigia simu kuuliza niko wapi na nani, na nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo ni yeye aliyeniogesha na kunigombeza mpaka nikapona.

Mwanawe naye huja kila Jumapili kumwona, jambo jema, ila anakuja na ufunguo wake wa zamani, hapigi hodi, anaingia moja kwa moja mpaka kwenye friji, na mke wake mpya anamfuata nyuma akiniita dada, tena majuzi alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Dada, wewe alipokuwa akinuna ulikuwa unamfanyaje?" na mimi bila haya nikamweleza.

Sasa, mshauri, nimepata mchumba. Ni fundi wa mafriji, alifiwa na mkewe, mtu mtaratibu, mama mkwe alimhoji nusu siku juu ya kazi yake, afya yake na kwa nini amekonda, kisha akaniambia, "Huyu mchukue. Yule wangu hakuwa na adabu." Basi mchumba akaleta jamaa zake tufahamiane, akiwemo shangazi yake ambaye anauliza maswali kama hakimu, na kwa kuwa wazazi wangu walishafariki, mama mkwe akavaa gauni lake la heshima akakaa kiti cha mbele. Shangazi akauliza, "Na huyu mama ni nani kwako?" Ulimi wangu ukakwama. Mama akajibu mwenyewe, "Mimi ni mkwe wake." Shangazi akamtazama mchumba, akanitazama mimi, akasema, "Mkwe kwa mume yupi?" Mama akamwambia kwa utulivu kabisa, "Yule aliyemwacha. Leo nipo kumwozesha kwa mwingine." Na kabla kikombe cha shangazi hakijafika mezani mlango ukafunguliwa kwa ufunguo, akaingia mtalaka wangu, akasalimia kila mtu vizuri sana, akafungua friji.

Mchumba wangu habari za mama alikuwa anazijua, lakini kujua mwenyewe ni kitu kimoja na shangazi yako kujua ni kitu kingine. Jioni akanipigia simu, "Nakupenda, lakini mimi naoa mwanamke, sioi ukoo wa mwanamume mwenzangu. Yule mama arudi kwa mwanawe, halafu tuendelee." Mama mkwe, ambaye masikio yake hayajazeeka, alisikia yote, na asubuhi nikamkuta anafunga sanduku. Akaniambia, "Nimekaa vya kutosha. Sikukuzaa mimi, usikose mume kwa ajili yangu." Nikalifungua sanduku, akalifunga, nikalifungua tena, sasa liko katikati ya sebule, hatusemeshani, na wote wawili tunaliruka tukipita.

Niambie, mshauri, mtu ukishaachika bado una haki ya kuwa na mkwe? Nimfuate mwanamume, au nibaki na mama wa mwanamume mwingine?

Mimi,
Mkwe Bila Mume

*

Mkwe Bila Mume, pole.

Sitakuficha, nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kusoma. Kisha tukafika kwenye sanduku, tukavuta viti tukaisoma upya barua yako.

Unauliza habari ya haki. Umwombe nani? Anayekuogesha ukiugua na kukutafuta ukichelewa ni mtu wako, na hakuna ofisi inayotoa kibali cha hilo. Zamani ukiulizwa jamaa zako ulitaja damu na ndoa ukamaliza. Siku hizi barua zinazofika hapa zina watoto wanaolelewa na rafiki wa mama yao, wazee wanaotunzwa na jirani, na ndugu wa tumbo moja wanaojuana kwa simu tu. Nyumba yako si kioja. Kioja ni wewe kuionea aibu. Umeulizwa swali jepesi, ukameza ulimi, ukamwacha bibi wa watu ajieleze kama mgeni aliyekutwa ndani. Hapo umekosea, tena sana. Mchumba alisema lake jioni, lakini moyoni mama alishaanza kufunga virago pale uliponyamaza.

Tuje kwa huyo mchumba. Sioni mtu mbaya. Naona mwanamume aliyekaa na jamaa zake huku mume wa zamani akijihudumia maji baridi. Hata mimi ningenuna. Hajui kusema "namwonea wivu yule," anasema "mama aende." Anataka kumtoa asiyehusika. Mama hakukuacha, sawa. Mwanawe alikuacha, na mtu aliyekuacha hakai na ufunguo wa nyumba yako.

Jumapili hii mwombe huo ufunguo, mbele ya mkewe, kwa upole. Akimtaka mama yake abishe hodi na angoje kufunguliwa, au amchukue wakashinde kwake. Na yale madarasa ya jikoni yakome. Kununa kwa mwanamume yule si kazi yako tena.

Sanduku usingoje Jumapili. Rudisha nguo kabatini leo kwa mikono yako, umwambie, "Mama, hapa ni kwako." Usizunguke. Mtu anayeweka sanduku katikati ya sebule anataka lionekane.

Kisha mwite mchumba, bila shangazi. Mwambie mama habanduki, ufunguo umerudi, aamue. Akikataa, itauma, na utaendelea kushona. Akisema atafikiria, usimsukume. Mkaribishe aje kushinda siku moja, halafu wewe nenda zako kazini uwaachie nyumba yeye na mama. Mchana kutwa utakuwa kwenye cherehani. Hao wawili ndio watakaoishi pamoja. Ukirudi ukawakuta wanabishana, usiamue ugomvi. Vua viatu, uulize wamekubakizia nini cha kula.