Ile mbili ya chini

Mwenzangu, uko? Mkuu mpya wa shule amekunywa dawa ya maabara. Leo ndiyo ameripoti. Nimekaa tu hapa kwenye stuli, hata kulia silii.

Alikuja kukagua maabara, kiu ikamshika. Mezani kulikuwa na chupa zangu mbili, moja nimeandika H₂O, nyingine H₂O₂. Ya kwanza akaikuta tupu. Akainua ya pili, akapiga funda.

Nikapiga ukelele, "Mwalimu, hayo si maji!"

Povu. Mdomo mzima povu, akatema mpaka kwenye tai.

Unajua aliniambia nini? "Si umeandika maji, chupa ya pili?"

Chupa ya pili! Nikamwambia hiyo mbili ni idadi ya oksijeni, Mwalimu, hii ndiyo ile dawa ya kusafishia vidonda.

Nesi amemsukutulisha, anasema dawa ilikuwa hafifu, hatadhurika. Nilitakiwa nishukuru, lakini bado naikodolea macho ile chupa.

Chupa ya pili, mwenzangu.

Na hujaniuliza huyo mkuu ni nani. Ni Atomu. Atomu wetu wa kemia, aliyetupigisha magoti mimi na wewe mbele ya darasa zima kwa kusahau ile mbili ya chini.