Usimlete Mtoto kwa Mama Yako

Burat,
Isiolo.
12 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Gatwiri,

Habari ya Voi, na joto la huko mnalivumilia? Murithi mume wako hajambo? Na huyo mtoto, ananyonya vizuri, analala? Mimi niko. Magoti yananiuma, lakini meno yangu yote yako mdomoni, na vijana wa hapa wakinipa mfupa wa mbuzi naumaliza wakiona. Naandika mwenyewe, sijaomba mtu anisaidie. Kwa simu haingewezekana, maana mama yako akisikia jina lako anakuja kukaa karibu.

Mtoto wa mwanangu Mutea amekufa. Tulimzika Jumamosi, hapo nyuma ya mahindi.

Alianza na kuhara na joto. Bridget, mke wa Mutea, alitaka kwenda hospitali. Mama yako akakataa. Alifungua mdomo wa mtoto, akaona ufizi umevimba pande mbili, peupe, akasema hayo ni meno ya uongo na ndiyo yanamharisha. Wakamwita yule mama wa kuyang'oa. Akachimba na waya wa gurudumu la baiskeli, mama yako ameshika kichwa. Mimi nilikuwa Merti kwa mbuzi. Ningekuwa nyumbani hakuna mtu angemgusa, unajua hapa neno langu halirudi.

Niliporudi nikakuta mdomo unanuka, shingo imevimba, hawezi kunyonya. Nilimbeba kwa mikono yangu mpaka hospitali. Daktari wa meno, msichana wa rika lako, alimfungua mdomo akamwangalia. Nikamwambia hayo meno ya uongo watu wanayajua tangu zamani. Nilimbishia sana, si unanijua.

Akasema, "Mzee, hayo yalikuwa meno yake ya kweli. Yalikuwa bado kutoka. Kila mtoto yuko nayo. Ugonjwa ulikuwa tumboni."

Mtoto hakumaliza usiku.

Daktari alisema mtoto aletwe kwa daktari wa meno jino la kwanza likitokeza, asipitishe mwaka, hata kama hakuna kitu inauma. Sasa wewe mpeleke wako wiki hii. Ukiona peupe kwa ufizi, uliza huko, usiulize huku.

Haraka yangu ni hii. Mama yako hajabadilika hata kidogo. Kwa matanga alisema mbele ya watu, "Huyu tulichelewa. Wa Gatwiri tutamtoa hayo meno mapema." Tena ameshamwambia yule mama akae karibu Krismasi. Nimegombana naye, dada yangu wa tumbo moja, na sasa hatusalimiani. Bridget haongei na mtu. Maziwa bado yanamtoka.

Msalimie Murithi, na dada yake Mwendwa kama bado anakaa kwenu. Mungu aifunike hiyo nyumba yenu na kila aliye ndani.

Krismasi kaeni huko. Mama yako akikupigia akuambie ni mgonjwa, njoo peke yako.

Ni mimi mjomba wako anayekupenda,
Kirigia