Simba Juu ya Ungo wa Mama

Magomeni, Kilosa

Mtani wangu Seifu,

Assalamu alaykum. Hali yako huko? Namwomba Mola akupanulie kaburi. Sisi wazima, mama yako anakula vizuri, macho ndiyo hayaoni tena. Mimi nina hasira. Tunaambiwa hasira huzimwa kwa udhu. Nimetawadha, bado inawaka.

Ni huyu Hamadi, mtoto wa shangazi yako, mpiga video za harusi wa Mikumi. Tulipokuzika aliomba simu zetu zote mbili, eti ahifadhi filamu za marehemu: yako uliyopigia picha, iliyozama mto Mkondoa ikabaki inaona bila kusikia, na yangu niliyokusanyia sauti. Nikampa kwa moyo mweupe. Seifu, amefuta sauti zote! Eti ni kelele, zinajaza nafasi. Mlio wa chapati zikipigwa, tuliouweka juu ya wale wanawake wanaofua mtoni, ukasema "hapo imekaa": haupo. Kengele za baiskeli za kijijini Zombo: hazipo.

Siku ya arobaini yako akatundika shuka uani, akaonyesha filamu zako. Ikaja ile fupi ya mama yako anapepeta mchele. Hamadi kaweka ngoma, na katikati ngurumo ya simba. Simba! Eti wageni wa hotelini Mikumi wanapenda. Mama yako, ambaye filamu zako anazijua kwa masikio tu, akashtuka: "Nani kafungulia mnyama uani kwangu?"

Nikainuka, nikang'oa waya wa spika. Nikamwita Hamadi mnyang'anyi wa maiti, mbele ya shehe na jamaa wote. Unajua walifanya nini? Walicheka. "Mtani huyo, kashaanza vituko vyake!" Hamadi mwenyewe akanipigia makofi. Nilivyozidi kufoka ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Siku ya maziko nililala mlangoni nikazuia jeneza, wakacheka, na ilikuwa sawa, ndiyo kazi ya mtani. Lakini safari hii nilikuwa nalia, Seifu. Utani umeninyang'anya hata hasira yangu.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ile pikipiki ya kwenda Mikumi nilikukataza. Mola anisamehe, ajali imeandikwa, lakini nilikukataza.

Mama yako peke yake hakucheka. Alisema, "Mtani leo hatanii. Nileteeni ungo." Nikairudisha filamu mwanzo, kimya. Akakaa mkekani na mchele wake, nami nikawa namwambia sikioni: sasa unainua, sasa unageuza, sasa unapuliza makapi. Akapepeta. Sauti ikaingia kwenye picha kama mguu kwenye ndala yake. Alipopitwa na picha akakusonya wewe: "Huyu mtoto alinipiga picha nina haraka zangu!" Hamadi akainamisha kichwa.

Simu nimezichukua. Nakuahidi, inshallah, kila filamu nitairudishia sauti. Nitakwenda Zombo, nitakwenda gulio la Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, nitashinda mtoni na wafuaji hata wanifukuze. Moja tu inanishinda: ile uliyojipiga mwenyewe kibarazani, unacheka. Mdomo unafunguka, mabega yanatikisika, hakuna kitu. Kicheko hicho kilikuwa kwenye simu yangu. Sasa nikakitafute kwa nani?

Lala salama, mtani. Niambie hapo niweke nini, hata kwa ndoto. Usichelewe kunijibu, mama yako ameniomba filamu hiyo ya kicheko.

Mtani wako,
Ramadhani