Nusu Yangu ya Kasida ya Mama

Dada Saleha,

Salamu kutoka Auburn. Mdogo wako nina bahati, Sydney nzima hakuna kichwa kama changu! Kasida aliyotunga marehemu Mama, akakupa wewe nusu na mimi nusu, tuipokezane ubeti kwa ubeti, basi nusu yangu ninayo yote, haijadondoka hata neno.

Nimal, Msrilanka ninayefanya naye kazi gerejini, kanihadithia mambo. Maneno ya Buddha watawa waliyabeba vifuani karne na karne, wakigawana mafungu na kuyasoma kwa pamoja, anayeteleza wenzake wamrudishe. Ikaja njaa kisiwani kwao, watawa wakafa, fungu moja likabaki kwa mmoja tu. Wakamkimbilia wajifunze, kisha wakaandika yote kwenye majani ya mvumo.

Nikamwambia, "Sisi tupo wawili, na njaa hatuna!"

Akaniuliza, "Nusu yako anayo nani mwingine?"

Nikajitia kutafuta spana.

Sasa Jumapili nakupigia, kalamu mkononi. Anza nusu yako, usisimame hata nikinyamaza. Ukifika mwisho, rudia. Tutasoma mpaka sauti yako iivute yangu.

Maana hapo juu nimekudanganya, dada. Nusu yangu imenitoka yote.

Nduguyo,
Stambuli