Taimauti Iliyofuta Kikapu Chetu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana ukinijibu baada ya hapo itakuwa rambirambi. Mimi ni kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chetu, na nahodha wangu ni mtoto wa dada yangu, naishi naye tangu aanze masomo, nyumbani ananiita mama mdogo na uwanjani kocha, na hatujawahi kuchanganya. Fainali yetu ni ya mechi tatu, ya kwanza tulishinda, ya pili ndiyo inayoninyima raha mpaka sasa, na ya tatu ni hiyo Jumamosi.

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, dakika ya mwisho, wapinzani wana mpira, moyo wangu ukaanza kwenda mbio kama kawaida yake, nikakimbilia meza ya waamuzi nikaomba taimauti, ile dakika moja ya kusimamisha mchezo, nikijua hawatanipa mpaka mpira usimame au wapinzani wafunge, lakini nikaona bora iwepo tu, kinga ni bora kuliko tiba, na ukiniuliza nilitaka kuwaambia nini wasichana, sijui hadi leo. Wapinzani wakafunga. Nahodha akaudaka mpira chini ya kikapu, akatoka nje ya mstari, akaurusha mbali kwa mwenzake aliyekuwa mbele peke yake, jambo tulilolifanyia mazoezi muhula mzima, na yule akafunga, Mshauri, akafunga kabisa, watu wamesimama wanapiga kelele, mimi mwenyewe naruka, ndipo refa akapunga mikono kwamba hakuna kitu. King'ora kilikuwa kimelia mpira ukiwa bado mikononi mwa nahodha, tena kimelia kwa ombi langu mwenyewe. Wapinzani wakapata dakika nzima ya kupumua na kujipanga, na tuliporudi uwanjani hatukupata hata nafasi ya kurusha. Tukafungwa kwa pointi moja.

Tangu siku ile mtoto ananiita kocha hata nyumbani. "Kocha, chakula kipo mezani." Mume wangu anaona ni kichekesho, mimi inanichoma. Na juzi mazoezini akasema mbele ya wenzake, "Kocha, Jumamosi ukiita taimauti wakati tunakimbia, mimi siji benchi." Wenzake wote wakaangalia viatu vyao, hakuna aliyemkemea, nikajua wameshazungumza.

Msaidizi wangu anasema nidhamu kwanza, nimtoe dakika za mwisho. Mume wangu anasema nimwachie msaidizi kazi ya kuita. Lakini hii ndiyo mechi ya mwisho ya huyu mtoto kabla hajamaliza chuo, nikimtoa sijui nitamtazamaje, nisipomtoa timu itaniona sina amri, na hofu yenyewe haijaniacha, jana kwenye foleni ya benki mtu alinipita mbele nikajikuta nimeinua mikono kuomba taimauti, keshia akaniuliza kama naumwa. Nifanye nini? Nimweke benchi, au niache kuita kabisa?

Kocha Roho Juu

*

Kocha Roho Juu,

Pole, tena pole sana. Keshia naye apewe pole yake.

Sasa tusidanganyane. Umenieleza kila kitu kuhusu king'ora, refa na msaidizi, umenieleza hadi benki, lakini katika barua yote hiyo sijaona mahali ulipomwomba mtoto msamaha. Unangoja nini? Mkubwa akikosea hapungukiwi kitu kwa kusema "nimekosa." Anapungukiwa akinyamaza, halafu akaanza kutafuta nidhamu ya watoto.

Wala usiache kuita. Wachezaji wako wakichoka, wakichanganyikiwa, au mkiwa nyuma na hamna pa kupitia, ita, ndiyo kazi yako. Ila ujue dakika unayoiomba ni ya timu zote mbili. Wapinzani wakiwa wametawanyika na wasichana wako wameshaanza kukimbia, ukiita unawapangia adui nyumba yao. Na ombi la "iwepo tu" likome. Ukiwa umeshaomba na ukaona mambo yamegeuka, rudi mezani ulifute kabla king'ora hakijalia. Si aibu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, mama.

Msaidizi usimpe uamuzi wako, maana mkifungwa utampa na lawama. Mpe swali. Kila ukiinuka kwenda mezani, akushike mkono akuulize, "Unaenda kuwaambia nini?" Ukiwa na jibu, nenda. Ukikosa, kaa chini, maana unayetaka kupumzika ni wewe, si wao.

Binti naye hajapona kwangu. Kusema "siji benchi" ni utovu wa adabu, hata kama ana haki ya kukasirika. Lakini usimwadhibu Jumamosi kwa uchungu uliomtia wewe. Kesho, kabla ya mazoezi, wakalishe wote. Omba radhi mbele yao, kisha mkubaliane lini mnakimbia na lini mnasimama, na baada ya hapo taimauti ikiitwa kila mtu anakuja, nahodha akiwa wa kwanza. Atakayekataa makubaliano aliyoyakubali kwa mdomo wake, huyo mtoe bila kuniandikia.

Na leo hii, zima televisheni, mwite jikoni mkiwa wawili, umwambie alivyocheza vizuri siku ile. Usimweleze mbinu. Usijitetee.

Jumamosi akiudaka mpira na njia iko wazi, mwache. Mwenzake akifunga, piga kelele mpaka sauti ikauke. Akikosa, uwe mtu wa kwanza kumfikia nahodha wako.