Amana ya Bi Mwanakheir

Kuze, Mombasa,
9 Agosti, 1972.

Mpendwa mpwa wangu Mwatima,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na barua, nami naitikia marahaba mara mia. Hujambo? Na dada yangu Tabia je, ule mguu umepoa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila macho yamepungua. Nakuandikia asubuhi, karibu na dirisha.

Niliposoma kwamba umeajiriwa jumba la makumbusho na kukabidhiwa ghala, niliiweka barua chini nikainuka kutembea. Nilifanya kazi humo miaka kumi na minane. Huu ni mwaka wa tisa tangu nitoke Unguja, na bado nikifumba macho nalipita ghala lote: kushoto masinia ya shaba, kulia vitasa vya milango, nyuma mikoba ya Makunduchi, na harufu ya kafuri. Hapa nauza karatasi na wino katika duka la mtu. Hakuna anayeniuliza kitu kilitoka wapi.

Umezisifu kadi zangu za maelezo ya vitu. Sikupokea hata upawa mpaka mwenyewe ameketi akanisimulia uliwapakulia nani. Kitu bila habari yake ni kuni tu. Nawe usikimbilie kuandika. Mngoje mtu anywe kahawa. Maneno yenyewe huja baada ya kikombe cha pili.

Lakini kadi moja ni ya uongo, Mwatima, na uongo ni wangu.

Umeniuliza habari za msondo, ile ngoma ndefu mnayotaka kuiweka ukumbini Disemba. Kadi yasema: "Zawadi ya Bi Mwanakheir, Jang'ombe." Haikuwa zawadi. Bi Mwanakheir ni somo, mfunda wasichana, na msondo ndiyo ngoma ya unyago anayowachezeshea wari wake. Juni ya 1963 alikwenda kumuuguza mamake shamba, na paa lake lilikuwa likivuja, basi akaniletea ngoma imefungwa kanga mbili.

"Bwana Msabah, hii amana. Kaiweke gizani, mwanamume asiione."

Nikamtania, "Na mimi je?"

"Wewe! Wewe ushanuka kafuri, umo katika vitu vya ghala."

Tukacheka sana.

Daftari letu lilikuwa na mafungu mawili: kilichonunuliwa na kilichotolewa zawadi. Amana haikuwa na mahali. Nikaandika zawadi, nikijiambia nitasahihisha. Kisha nikaifungua. Uzuri wake ukanishinda. Nikaiweka ukumbini, nikaiandikia maelezo mazuri kuliko yote niliyopata kuandika, na watu wakajaa kuitazama.

Novemba aliporudi aliikuta ndani ya kioo, wanaume watatu wameizunguka. Hakupiga kelele. Alitoa kanga mkobani, akaitandaza juu ya kioo, akaniuliza, "Mamako angekuwa anaoga, ungemwandikia karatasi?" Akaondoka.

Niliirudisha ghalani siku ileile. Lakini kumpelekea mwenyewe sikumpelekea. Kila nikishika kalamu nifute lile neno, roho yazuia: nikiitoa, sitaiona tena. Nikasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka ikaingia Januari ya mapinduzi, nikaondoka na nguo nilizovaa tu.

Basi nakuomba, msiiweke ukumbini. Wewe ni mwanamke, hayo unayajua kuliko mimi. Ndani ya bahasha hii mna karatasi nyingine, nimekiri kosa langu na kutia saini. Mpe mkuu wako, kadi isahihishwe. Kisha nenda Jang'ombe. Bi Kazija, jirani yenu wa zamani, alipita hapa mwezi jana, akaniambia Bi Mwanakheir yu hai na wari huwachezesha kwa ngoma ya kuazima. Alisema akicheka, hakujua ananichoma.

Mrudishie ngoma yake, imefungwa kanga, ichukuliwe na wanawake. Mtake radhi kwa niaba yangu. Lakini usimwambie nimezeeka, wala ninavyoililia Unguja. Akinihurumia atasema amesamehe, nami sitajua kama ni kweli. Mtajie jina langu na nilichofanya, basi. Atakachosema niandikie neno kwa neno, hata kikiwa tusi. Miaka minane sasa sijamsikia mtu wa Jang'ombe akinisema.

Msalimie mamako, na kaka yako Usi na wanawe, na jirani zetu waliobaki. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiopenda kitu kuliko mwenye kitu.

Mimi mjomba wako, nikupendaye kwa mbali,
Msabah